Na Gari ya Kulalia mpaka Milima ya Kabobo

Wakati wa vakansi watu wa kwetu wanajua njia mbili tu. Mwenye feza anaenda Lubumbashi kuona jamaa, na asiye nayo anabaki nyumbani kuhesabu siku mpaka masomo yaanze tena. Wewe unayekaa Kolwezi, Likasi ao Manono, pengine mulima unaoujua zaidi ni ule wa mabaki ya mugodi, wenye vumbi na wenye walinzi. Leo tunataka kukuonyesha njia ya tatu. Unachukua rafiki mumoja, gari moja ya zamani, matela moja na nyungu mbili, munaenda polepole mpaka milimani, munalala pale pale munapofika.

Kule Ulaya mambo haya yako na historia yake. Tangu miaka ya 1950 watu walianza kuweka kitanda na jiko ndani ya Volkswagen Kombi, na familia nzima inazunguka nayo milima na pwani. Lakini usiseme haraka kwamba ni kitu cha Wazungu. Uliza shofere yeyote wa kamyo anayetoka Lubumbashi kuja Kalemie wakati wa mvua. Yeye na wasaidizi wake wanalala chini ya kamyo, wanapika bukari kando ya njia, wanaoga mutoni, wananyoa ndevu mu kioo cha gari. Juma moja, majuma mawili, wakati mwingine zaidi, matope yanawashika. Wao njo walimu wetu katika kazi hii, ila tu wao hawakuichagua, na sisi tunaichagua kwa furaha. Kuna tofauti kubwa kati ya mutu anayelala njiani juu gari imezama na mutu anayelala njiani juu nyota ni nzuri.

Tulitoka Katanika. Wengine wenu mulisikia jina hilo kwa redio mwaka 2017, na halikuwa habari nzuri. Vita ya Watwa na Waluba ilikuwa imechoma vijiji vingi vya Tanganyika, na watu walikimbilia karibu na muji wa Kalemie. Katanika ikajaa vibanda vya majani na mahema, mistari kwa mistari, mama anapika hapa na jirani analala hatua mbili kutoka pale. Kisha wengine walirudi kwao, wengine walizoea, wakapiga matofali, wakajenga na kubaki. Mama ya rafiki yangu ni mumoja wa wale waliobaki. Yeye mwenyewe, rafiki yangu, ni fundi wa magari. Ni mudogo wangu kwa miaka michache, na ananiita yaya hata kama mimi sijui kufungua bujia.

Siku tulipokuwa tunapakia, mama alikuja kuegemea mulango wa gari, akaangalia matela, akacheka kidogo. Kisha akasema kwa mwanawe, kama mutu anayeagiza chumvi sokoni: "Ukifika kule kwetu, uangalie kama miti ya ngazi ya baba yako ingali imesimama." Rafiki yangu alijibu ndiyo. Tangu 2017 hakuwa amerudi kule hata mara moja.

Sasa tuseme juu ya gari, maana vijana wataniuliza. Ilikuwa Hiace ya kubeba watu, iliyochoka na kazi ya muji. Tulitoa viti vyote, tukabakiza vya mbele. Nyuma tulipanga masanduku mawili ya mabati, juu yake mbao, juu ya mbao matela. Ndani ya sanduku la kwanza: unga wa muhogo, ndakala kavu, mafuta ya mawese, chumvi, sukari, majani ya chai. Ndani ya la pili: vyombo vya fundi, mupira wa akiba wa ndani, kamba ndefu, jembe na panga. Jembe si kwa kulima, ni kwa kutoa tairi mu matope. Tulifunga pazia kwa kamba, na chandarua juu ya matela, maana imbu hawana vakansi. Blanketi nne. Rafiki yangu alisema mbili zinatosha, tuko inchi ya joto. Ngoja, nitakuambia.

Neno moja hapa, na ninaomba baba na mama walisome kwa sauti mbele ya watoto. Mbabula inabaki inje ya gari. Siku zote. Hata kama kuna baridi, hata kama makala imebaki nyekundu kidogo tu. Makala inapowaka inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyo na rangi, na mutu aliyelala ndani ya gari iliyofungwa hasikii kitu. Usingizi unamupeleka moja kwa moja. Kila mwaka watu wanakufa hivyo ndani ya nyumba ndogo na magari, na asubui majirani wanatafuta mulozi. Mulozi ni mbabula.

Wakati muzuri ni kiangazi, tangu mwezi wa 6 mpaka wa 8. Njia ni kavu, mito iko chini. Tena, mbele ya kutoka, uliza habari za njia kwa wale waliopita jana, wala si kwa wale waliopita mwaka jana. Kuna majuma ambamo njia ya Bendera haiendeki kwa sababu ya watu wenye silaha, na hapo utafunga safari yako bila aibu na kwenda kuogelea. Sisi tuliuliza mashofere watatu sokoni, na wote watatu walisema kitu kimoja. Tukaenda.

Ukitoka Kalemie kuelekea kaskazini, ziwa liko upande wako wa kuume. Simamisha gari pale njia inapopanda, shuka, uangalie nyuma. Tanganyika ni ziwa la pili katika dunia kwa kina, nyuma ya lile la Baikal kule Urusi. Chini yake ni karibu mita 1,470. Mito mingi inaingia ndani yake, lakini unaotoka ni mumoja tu, Lukuga yetu, unaopita Kalemie na kwenda kujiunga na Lualaba. Muingereza Cameron aliuona mwaka 1874. Miaka miwili nyuma, Stanley alifika na kukuta maji hayatoki vizuri, mulango umezibwa na matope na majani, na Wazungu wakagombana kati yao juu ya nani anasema kweli. Wote wawili walisema kweli: ziwa linapanda na kushuka, na Lukuga inafunguka na kufungwa. Hatuhitaji kwenda mbali kwa kuliamini. Mwaka 2024 maji yalipanda mpaka ndani ya nyumba za Kalemie, watu wakapita na mitumbwi pale walipokuwa wakipita na kinga.

Pale juu, wakati injini ilikuwa inapumzika, nilimuambia rafiki yangu hadisi moja ambayo ninaipenda, na wewe wa Fungurume utaipenda zaidi. Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wadachi walikuwa na mashua za vita juu ya ziwa hili na walilitawala lote. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, kila moja karibu mita 12. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa gari la moshi mpaka Fungurume. Pale reli iliishia. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba. Basi wakaziweka mashua juu ya magari ya kukokotwa, wakafunga mbele yake mashine mbili za mvuke, na makumi ya ng'ombe pale mashine ziliposhindwa, na mamia ya watu wetu wenye kamba, mashoka na majembe wakikata njia na kujenga madaraja ya miti. Kilometa zaidi ya 200 mpaka Sankisia, juu ya mahali penye kupita mita 1,800. Mashine zile zilikunywa maji mengi kuliko ng'ombe, na wanamuke wa vijiji waliyabeba juu ya vichwa. Kisha reli tena mpaka Bukama, muto wa Lualaba mpaka Kabalo, na reli ile ya Lukuga ambayo ilikuwa imemalizika mwaka ule ule wa 1915. Mwezi wa 12 mashua zikaingia ndani ya maji ya Tanganyika. Tarehe 26 zikakamata mashua ya kwanza ya Wadachi, na mwezi wa 2 wa 1916 zikazamisha ya pili.

Majina yao yalikuwa Mimi na Toutou. Mwenye kuzipa majina alifikiri lugha ya Kifaransa, sauti ya paka na jina la imbwa ndogo. Lakini hebu fikiri watu wa Kalemie siku ile: askari anauliza "Mashua hii ni ya nani?" na jibu ni "Mimi." Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawa fundi tena, akauliza: "Yaya, na freni je? Kupanda ni kitu kimoja. Kutelemuka na mashua nyuma, walishika na nini?" Walishika na kamba zilizofungwa juu ya miti, na na mikono ya watu. Vitabu vinaandika jina la mukubwa wao, Spicer-Simson. Majina ya wale walioshika kamba ni kazi kubwa kuyapata.

Kwenye bariere ya kwanza askari alifungua mulango wa nyuma, akatazama matela, pazia na chandarua. "Munapeleka mugonjwa?" Hapana. "Munapeleka bibi arusi?" Hapana. Tulimuambia tunaenda kupumzika mulimani. Alituangalia sana, kisha akamuita mwenzake aje kuona. Walicheka wote, wakaomba kulala kidogo juu ya matela kwa kuijaribu, na mumoja akaijaribu kweli na viatu vyake inje ya mulango, kwa heshima.

Hapa ni lazima nikufundishe jambo ambalo halimo katika vitabu vya safari vya Ulaya. Wao wanasimamisha gari kwa mahali palipowekwa alama na kulipa. Sisi, unapofika kijijini mbele ya jua kuanguka, unazima injini, unashuka, unauliza nyumba ya sultani. Unasalimia. Unakaa kama unapewa kiti, na unangoja. Unasema unatoka wapi, wewe ni mwana wa nani, unaenda wapi. Unatoa sabuni na chumvi. Sultani ataita kijana mumoja aonyeshe mahali, na ujue kwamba kuanzia dakika ile gari yako si yako peke yako, ni ya kijiji chote, na mwivi akikuja itakuwa aibu yao. Usiku wa kwanza tulilala chini ya muembe munene karibu na nyumba ya sultani, na watoto kumi na tano waliketi mbele ya gari kama mbele ya sinema. Hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Tulikula bukari, tukanywa chai. Waliangalia yote mpaka mwisho.

Kesho yake milima ilianza kusimama upande wa kuume, mirefu na ya bluu, na ziwa likajificha nyuma yake. Ni Kabobo. Kichwa chake kinakaribia mita 2,700, na maji ya ziwa yako chini karibu na mita 770. Hesabu mwenyewe namna gani pahali pale panasimama. Chini ni miti mikavu na nyasi ndefu. Ukipanda unaingia ndani ya pori la kweli, lenye mvua na ukungu, na juu kabisa mianzi.

Mutu wa kwanza aliyeandika vizuri juu ya ndege za mulima huu alikuwa mutu wa migodi kama wewe. Jina lake Alexandre Prigogine, alifanya kazi na kompani ya madini kule Kivu, na nyuma ya kazi alifuata ndege. Mwaka 1955 aliandika juu ya ndege mudogo wa Kabobo ambaye hakujulikana bado na wenye elimu, na mulima ule ukaingia ndani ya jina lake. Kuna vilevile mbega mumoja, mwenye rangi nyeusi na nyeupe, anayeishi hapa tu katika dunia yote, na ambaye alipewa jina la Prigogine mwenyewe. (Mudogo wa Prigogine, Ilya, alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Mumoja alitafuta ndani ya maabara, mwingine ndani ya matawi. Mama yao alikuwa na sababu ya kusimama wima kanisani.)

Nyuma ya mwaka 1960 wenye elimu hawakuweza tena kufika, kwa sababu ya vita. Ni mwaka 2007 tu kundi la watafiti lilirudi kupanda. Kwa majuma machache walipata nyama sita ambazo hazikuwa zimeandikwa mahali popote: popo mumoja, panya mumoja, panya-pua wawili na vyura wawili. Sita! Pale ambapo sisi tunapita na kamyo na kusema "hakuna kitu, ni pori tu". Mwezi wa 12 wa mwaka 2016, jimbo la Tanganyika liliandika kwamba sehemu yake ya mulima huu inalindwa, na ikaitwa Hifazi ya Kabobo. Ndani kuna sokwe pia. Hatukuwaona, mutu anayesema alipita na gari njiani akaona sokwe, umupe chai na usimukatalie, lakini usimuandike.

Tuliona magunia ya makala. Hayo hayajifichi. Yamesimama kando ya njia, mawili, kumi, makumi mawili, yamefungwa na majani juu, yanangoja kamyo ya Kalemie. Sitaki kuwaambia watu wa vijiji vile kwamba wanafanya vibaya, maana mimi mwenyewe nilikuwa na gunia nusu chini ya matela, la mbabula yetu, na wewe musomaji pengine chai yako ya asubui ya leo ilipikwa nalo. Muji wa Kalemie unapata umeme wake kutoka huku huku milimani, kutoka Bendera, lakini nyumba nyingi hazina waya, na zenye waya zinaukosa mara nyingi. Basi muti unakatwa chini ya mulima wa mbega, unachomwa, unashuka mujini. Tulizungumuza juu ya jambo hilo kilometa nyingi. Rafiki yangu ana mawazo ya fundi: anasema kabla ya kumukataza mutu shoka, umufikishie waya.

Bendera iko zaidi ya kilometa 100 kutoka Kalemie. Wabelgiji walijenga pale kiwanda cha umeme juu ya muto Kyimbi mbele ya uhuru, na watu wanaita bado Force Bendera, juu ya nguvu ya maji. Usiku wa pili tulilala karibu na pale. Ilikuwa ajabu kidogo, kuona taa zinazowaka kwa nguvu katikati ya giza la milima, na kusikia maji yanaimba usiku kucha.

Vijana, mahali hapa panajulikana mpaka Cuba. Tarehe 24 ya mwezi wa 4, mwaka 1965, Che Guevara, yule mwenye picha juu ya mashati yenu, alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma na kufika upande wetu kusaidia waasi. Kati ya wakubwa wa waasi wale alikuwa Laurent-Désiré Kabila, ambaye nyuma ya miaka 32 atakuwa rais. Wacuba walichukua majina ya Kiswahili kwa kujificha, na waliyachukua kwa hesabu: wa kwanza aliitwa Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Mukubwa wa wote akajiita wa tatu, ili adui akisikia asijue. Mwezi wa 6, tarehe 29, waasi na Wacuba walitelemuka kupiga Bendera. Walishindwa vibaya. Wacuba wane walikufa, na karatasi zilizopatikana juu yao zilionyesha dunia kwamba Cuba iko ndani ya Kongo. Tarehe 21 ya mwezi wa 11, Tatu alirudi ku Tanzania na mutumbwi, mugonjwa na mwenye huzuni. Aliishi milimani humu miezi saba. Mvua, njaa, homa, na watu wasiokubaliana kati yao. Mulima ni uleule. Uliona wale wote wakipanda na silaha, ukaona wale wa 1996, ukaona wale wa 2017.

Na ile baridi niliyokuahidi? Saa tisa ya usiku rafiki yangu alianza kuvuta blanketi yangu. Nilimukumbusha maneno yake juu ya inchi ya joto. Alisema blanketi mbili zinatosha, lakini kila mutu mbili. Nilimuachia.

Kijiji cha kwao hakiko Bendera kabisa, sitakiandika jina. Tulikifikia wakati wa kurudi, siku ya tatu. Tangu asubui hakuwa amesema mengi. Alikuwa anaendesha kwa mikono miwili, polepole kuliko njia ilivyotaka. Kwenye kona moja kulikuwa muzee Mutwa aliyesimama na kibuyu cha asali cha kuuzisha. Nilifikiri tutapita. Rafiki yangu alisimamisha gari, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

Nilishuka mimi kwanza. Nilisalimia muzee, nikauliza bei, akanionjesha kwa ncha ya kijiti. Ilikuwa asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi. Rafiki yangu alishuka nyuma. Muzee alimutazama uso, akamutazama tena, akasema jina la baba yake. Hakuuliza, alilisema tu.

Walikwenda mbele, mimi nikafuata na kibuyu. Nyumba haikuwa tena. Palibaki pande mbili za ukuta zenye urefu wa magoti, na nyasi ndani. Lakini nyuma yake, mu mustari ulionyooka kama mutu aliyeupima na kamba, miti ya ngazi ilikuwa imesimama. Rafiki yangu aliihesabu na kidole. Baba yake alipanda sita. Zilibaki nne, na chini yake palikuwa pamefagiliwa, matawi makavu yamekatwa vizuri.

"Nani anakata ngazi hizi?" akauliza.

"Sisi," muzee akajibu. "Ni nani mwingine alibaki hapa?"

Nilikuwa karibu nao, na ninakuambia nilivyoona: mukono wa rafiki yangu ulikuwa umefungwa. Upepo ulipita mu matawi. Mimi nilikuwa nafikiri gari iko mbali gani. Kisha muzee akauliza kama mama angali muzima. Rafiki yangu akajibu ndiyo, eko Katanika. Muzee akatingisha kichwa. Akasema zamani mama yule alikuwa anawabadilishia muhogo na nyama, na kwamba kipimo chake hakikuwa na udanganyifu, ila tu alikuwa na kinywa kikali. Rafiki yangu akasema: "Kinywa anacho bado."

Muzee aliita kijana mumoja, pengine mujukuu. Kijana alifunga kamba kiunoni, akapanda muti wa kwanza kama mutu anayepanda ngazi ya nyumba, na panga lake likaanza kulia huko juu. "Za leo ni zako," muzee akasema. Mikungu miwili ilianguka, myekundu, yenye miiba, imejaa. Tulimupa sabuni na chumvi yote iliyobaki, na asali tukailipa bei yake bila kupunguza. Rafiki yangu alisaidia kubeba mukungu mumoja mpaka gari, muzee akashika upande wa pili. Hawakuzungumuza. Tuliiweka juu ya gunia, kando ya matela, na gari yote ikanuka ngazi mpaka Kalemie.

Kutelemuka, musomaji, usikae na muguu juu ya freni. Weka vitesse ya chini, ya pili ao hata ya kwanza, na uache injini ishike gari. Freni ya moto haishiki kitu, na wengi wamekufa juu ya kilima wakiwa na freni mupya. Simama mara mbili ao tatu, uguse mipira kwa mukono. Rafiki yangu alisimama mara ine. Mara ya mwisho jua lilikuwa linaanguka na ziwa lilikuwa limetokea tena mbele yetu, jekundu kabisa. Alikaa juu ya jiwe, akala asali na kidole. Nilimungojea. Hakuniambia alichokuwa anafikiri, na mimi sikumuuliza.

Mama alipika ngazi siku ile ile ya kufika, usiku, hakutaka kungoja asubui. Alizitwanga mwenyewe. Sisi tuliketi juu ya masanduku yetu ya mabati, tuliyoyashusha uani, na tukaangalia moto. Wakati wa kukamua alimuuliza mwanawe ni nani aliyepanda muti, maana alijua kwamba yeye haoni vizuri mbali na tangu utoto anaogopa kupanda.

Akamuambia.

Mama alinyamaza. Aliongeza maji mu nyungu, akakoroga, akaomba chumvi, tukamujibu kwamba chumvi imeisha, tuliiacha kule. Alituma mutoto kwa jirani. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Na yule muzee, meno angali nayo?"